Mume akitangulia kufungua kesi ya talaka Italia, ombi langu Ujerumani litakwama?

Swali: Mimi ni Mkenya, naishi Hamburg. Mume wangu ni Mwitaliano. Tumeishi hapa miaka saba, kisha miezi 11 iliyopita akarudi kwao Milano. Anasema atafungua kesi huko na sitakuwa na la kusema, kwa kuwa mimi si raia wa Ulaya. Ni kweli?

Jibu: Dada, la uraia si kweli. La kutangulia ndilo la kuogopa.

Kinachotumika ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1111, tangu Agosti 2022, katika nchi wanachama zote isipokuwa Denmark. Hamburg ndipo mlipoishi pamoja mara ya mwisho, nawe bado upo; hiyo yatosha kuipa mahakama ya hapo mamlaka, pasipoti yako iwe ya wapi. Ila Milano nayo inayo: Mwitaliano aliyerudi kwao anaweza kufungua kesi akishaishi huko miezi sita, na mumeo ameshaipita.

Kesi zikiwa mbili, iliyofunguliwa kwanza ndiyo inayoendelea. Na si lazima aombe talaka. Akiomba utengano wa kisheria tu Milano (mahakama kuwatenganisha bila kuvunja ndoa), ombi lako la talaka Hamburg husimamishwa. Hapa wengi huteleza.

Kwa kawaida sheria ya Ujerumani hudai mwaka mzima wa kuishi mbalimbali, lakini kwenye miezi 11 mawakili huwasilisha, maana mpaka kesi isikilizwe mwaka utakuwa umetimia. Wakili ni lazima. Tarehe inayohesabiwa ni ya ombi kuingia mahakamani, mradi usizembee yanayohitajika ili mumeo apelekewe hati. Bili ya ada ya mahakama ikija, ilipe siku hiyohiyo. Nimeshaona ombi likilala wiki kadhaa kwa bili iliyosahaulika mezani.

Akikuwahi, hukumu ya Milano itatambuliwa Ujerumani bila kesi nyingine. Nakala yake na cheti cha mahakama vinatosha. Unaweza kuipinga kwa sababu chache tu, mojawapo ikiwa hukupelekewa hati kwa wakati wa kujitetea. Kwa hiyo bahasha ya Italia usiirudishe wala kuitupa kabatini.

Matunzo na mali vina kanuni zake, tutaviongea ukija na hati za ndoa. Kenya nayo haifungwi na cheti hicho. Huko hukumu hupimwa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014.