Mzee na pikipiki: nawajibu

*Baba ana miaka 64, anaendesha tangu ujana na hajawahi kuanguka. Tumsumbue ya nini?*

Uzoefu anao, hilo sibishi, tena wazee wengi wanaendesha kwa adabu kuliko vijana. Shida ni siku mwili ukigonga lami. Mbavu na nyonga za mtu mzima zinavunjika kirahisi na kupona kunachukua muda. Kule Marekani walipitia majeruhi wa pikipiki wa 2001 hadi 2008, wakakuta wa miaka 60 kwenda juu wanalazwa kama mara 3 zaidi ya vijana. Kwa hiyo msimnyang'anye funguo, ila spidi ishuke na mvua ikinyesha asitoke.

*Babu alianguka jumapili, akainuka mwenyewe, anasema yuko poa. Twende hospitali?*

Kama kichwa kiligonga, nendeni leo leo. Jamani hili linaniuma. Baba yangu mdogo aliteleza kwenye mchanga pale kona, akajipangusa magoti akacheka, tukarudi zetu nyumbani, wiki ya pili kikombe cha chai kikaanza kumponyoka mkono wa kulia na maneno yanamkwama, sisi tukajua ni uzee tu, kumbe walipompiga picha ya kichwa damu ilikuwa inavuja pole pole muda wote huo. Ubongo unasinyaa na umri, vimishipa vinavutika, kimoja kikichanika dalili zinaweza kuchelewa hata wiki kadhaa. Na kama anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin kwa mfano, mwambieni daktari hilo kabla ya yote.

*Nina 58, usiku taa za magari zinanipasukia machoni.*

Inaweza kuwa mtoto wa jicho. Kapime, unatibika. Mpaka hapo jua likizama paki.

*Helmeti inamuumiza mzee shingo, avae ile ya mjengo?*

Hapana kabisa, ile imetengenezwa kwa vitu vinavyodondoka toka juu. Helmeti ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa 69, lakini iwe imefungwa, mkanda ukining'inia inachomoka kabla kichwa hakijafika chini. Mtafutieni nyepesi inayombana mashavu, akifunga mkanda vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Na ile iliyoshaanguka naye ajalini msimrudishie kichwani, hata kama kwa nje inang'aa.