Programu ya kusimamia modeli: folda ya pamoja haitoshi

Ndugu uliyeuliza kama kuna haja ya kuwa na programu ya kusimamia modeli (hesabu na michoro ya kompyuta inayowakilisha mfumo) wakati wa kusanifu mfumo wa uzalishaji, au kama folda ya pamoja inatosha, nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Tulikuwa tukisanifu mstari wa kuunganisha vifaa wenye vituo tisa. Mwenzangu alikokotoa uwezo wake kwa lahajedwali, mimi nikaunda modeli ya uigaji, yaani ya kuigiza mwendo wa mstari kwenye kompyuta, na wa tatu akachora mpangilio wa mashine. Lahajedwali lilisema kituo cha sita humaliza kipande kwa sekunde 42. Mimi nilitumia 48, kwa kuwa nilipima kwenye kituo cha majaribio baada ya bisibisi ya umeme kubadilishwa. Hiyo ni tofauti ya vipande 85 kwa saa dhidi ya 75. Tulibishana wiki tatu juu ya idadi ya mashine, kila mtu akiitetea hesabu yake, na hesabu zote zilikuwa zimefanywa kwa usahihi. Kilichotutenganisha ni namba moja iliyokaa katika mafaili mawili, na hakuna aliyeandika ilitoka wapi.

Folda isingetuokoa, maana folda hutunza faili lakini haijui kwamba matokeo ya faili hili ndiyo yanayolisha faili lile. Programu nzuri huhifadhi kila kigezo mahali pamoja, pamoja na chanzo chake, tarehe ya kupimwa na mwenye dhamana nacho, na modeli zote husoma kutoka hapo. Kigezo kikibadilika, inaonyesha mara moja ni matokeo yapi yamepitwa na wakati. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kuu, kuliko hata kutunza matoleo ya zamani ya mafaili.

Faida nyingine ni kuzihoji modeli kwa pamoja. Kanuni ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961, inasema wastani wa vipande vilivyomo ndani ya mfumo ni kasi ya kutoka mara muda ambao kipande hukaa humo. Kwa vipande 75 kwa saa na dakika 20 za kukaa, unapata vipande 25, ilhali mchoro wetu ulikuwa na nafasi ya 16 tu. Modeli zilipokuwa zimetengana, hakuna aliyeliona hilo.

Usitegemee viwango vya kubadilishana modeli vikufanyie kazi hii. FMI (Functional Mock-up Interface), kimojawapo cha viwango hivyo, iliyotoka mwaka 2010, inafaa sana kwa modeli za mwendo wa mashine, lakini foleni za vipande si uwanja wake.

Kabla ya kununua, chukua modeli mbili mnazozitumia kweli, umwombe muuzaji abadilishe kigezo kimoja mbele yako, kisha akuonyeshe matokeo yapi hayaaminiki tena. Akilazimika kufungua mafaili moja baada ya jingine ili akujibu, bado mtabaki na folda.