Dawa za akili kwa watoto wa malezi: afisa ustawi afundishwe nini?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Wete, Pemba. Nimetakiwa kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa wenzangu wanaosimamia watoto wanaolelewa na familia zisizo zao, na baadhi yao wanatumia dawa za maradhi ya akili. Sisi si madaktari. Tufundishane nini bila ya kuvuka mipaka yetu?

JIBU: Waalaykum salaam. Kuandika dawa na kubadilisha kipimo ni kazi ya daktari, na hapo hapana mjadala. Lakini daktari humuona mtoto kwa muda mfupi, na mengi anayoyajua ni yale anayoelezwa na aliyemleta. Mtoto anayeishi na mama yake ana mtu anayekumbuka alikuwa akilala vipi na dawa gani iliwahi kumdhuru. Aliyehamishwa nyumba mara tatu hana, isipokuwa afisa wake ameyaandika katika daftari la mtoto. Siku ya kwanza yote ningeitumia kwa daftari hilo.

Wamarekani wameshapita njia hii. Ukaguzi wa serikali yao wa Disemba 2011, uliotazama majimbo matano, ulionesha kuwa watoto wa malezi waliandikiwa dawa hizi kwa kiwango cha mara 2.7 hadi 4.5 kuliko watoto wengine waliotibiwa kwa bima hiyo hiyo ya umma. Kwetu huenda tatizo likawa kinyume, yaani dawa kukatika, lakini maswali hayabadiliki: dawa hii imetolewa kwa dalili gani, tutajuaje kuwa inasaidia, mtoto atarudi lini kuangaliwa, na nani ametoa ridhaa? Aidha, mtoto aliyeshuhudia ukatili nyumbani hukesha, hushtuka na hatulii skuli, na daktari asiyeelezwa historia hiyo anaweza kuyaona hayo kuwa ni maradhi mengine.

Siku ya pili mwiteni muuguzi wa afya ya akili awafunze madhara ya dawa. Risperidoni huongeza hamu ya kula na uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kilo tangu mwanzo. Haloperidoli, hasa siku za awali, inaweza kumkaza mtoto shingo na kumpindua macho juu, na hapo (nalisema bila ya kumkejeli mtu) wengi wetu tutasema amepandwa na shetani, akapelekwa kuzinguliwa ilhali hospitali ina dawa ya kumfungua haraka. Muulizeni mlezi kwa upole kama mtoto anapewa kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani) au miti shamba. Akihisi analaumiwa ataficha, na huenda keshaacha vidonge bila ya kusema.

Dawa nyingi za aina hii hazikatwi ghafla. Mtoto anapovushwa kutoka Pemba kwenda Unguja, vidonge vya kutosha hadi miadi mpya pamoja na nakala ya daftari viwe mkononi mwa anayefuatana naye kabla ya kupanda boti.