Kitabu Masikioni, Korosho Mikononi

SWALI: Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Tunapobangua korosho uani, huweka simu juu ya kinu kilichofudikizwa, akasikiliza kitabu cha Kiingereza cha Alice, yule binti aliyemfuata sungura shimoni. Kila sura ikiisha hunisimulia kwa Kiswahili. Mimi nafurahi, lakini jirani anasema kusikiliza si kusoma, na kwamba ninamlea mtoto katika uvivu. Je, nimkataze?
Bibi, Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo, Bibi. Usimkataze.

Hadithi hiyo ilianzia mdomoni. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati huko Oxford, aliwasimulia mabinti watatu wa nyumba ya Liddell walipokuwa ndani ya mashua mtoni, na mmoja wao, Alice, mwenye miaka 10, ndiye aliyemsihi aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll. Mjukuu wako, basi, anaipokea kwa mlango uleule walioupitia wasikilizaji wake wa kwanza, tena katika kazi ambayo mafuta ya ganda hayamruhusu mtu kushika kitabu.

Mwambie airudie sura ya tatu. Kwa Kiingereza, neno la hadithi na neno la mkia hutamkwa sawasawa. Panya anaposema kwamba hadithi yake ni ndefu na ya huzuni, Alice husikia mkia, akautazama na kushangaa una huzuni gani. Anayesoma kwa macho huona tahajia tofauti, kwa hiyo kosa hilo halimpati. Anayesikiliza hukosea pamoja na Alice, na hapo ndipo penye raha yenyewe. Lakini mara baada ya hapo sikio hushindwa, kwa sababu shairi la panya limepangwa ukurasani likijipinda kama mkia, herufi zikizidi kuwa ndogo hadi chini kabisa, na hakuna msomaji awezaye kulitamka umbo hilo. Michoro 42 ya John Tenniel nayo haisikiki. Kwa hiyo akishanawa mikono, atafute nakala ya kuchapwa aitazame sura hiyo.

Kuhusu uvivu, sikubaliani kabisa na jirani: mtoto anayesikia kwa Kiingereza na kusimulia papo hapo kwa Kiswahili anafanya kazi mbili kwa pamoja, na ya pili ndiyo ngumu. Aendelee kusimama kila mwisho wa sura. Ziko 12, na kitabu kizima huchukua takriban saa tatu. Kama anakipata LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea husoma vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na kuvitoa bure, achague toleo la msomaji mmoja, kwani katika mengine sauti hubadilika kila sura na msikilizaji hulazimika kuzoea upya.

Mkifika sura ya saba, Bibi, zamu itakuwa yako. Katika karamu ya chai, mtengeneza kofia anatega kitendawili: kunguru anafananaje na meza ya kuandikia? Alice anashindwa, na mtegaji mwenyewe anakiri kwamba hana jibu. Kwetu anayeshindwa hutoa mji, na aliyepewa mji sharti ategue. Mweleze mjukuu desturi hiyo, kisha mtafute jibu wenyewe.