Kabla hujamwambia mama "ni umri tu"

Jumanne kliniki nilimsikia mwanagenzi mmoja, kijana mwenye bidii kweli, akimwambia mama wa miaka 52 anayesumbuliwa na dalili za ukomo wa hedhi: "Homoni zinaleta kansa. Vumilia tu, itapita." Faili ikafungwa, mwingine akaitwa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini wimbo huu nimeuchoka.

1. Ukisema "utafiti ulionyesha", uwe umeusoma. Ule wa WHI (Women's Health Initiative), utafiti mkubwa wa afya ya wanawake uliotangazwa Marekani mwaka 2002, ulihusu wanawake 16,608 wenye wastani wa umri wa miaka 63, si hawa wa miaka 50 wanaotokwa na jasho mbele ya meza zetu. Waliotumia estrojeni na projestini, homoni zinazotumika kutibu dalili za ukomo wa hedhi, walizidi wenzao wasiozitumia kwa visa 8 hivi vya saratani ya matiti kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Hatari ipo, na mama aambiwe. Aambiwe kwa hesabu, akiwa ameketi.

2. Uliza kuhusu upasuaji. Hapa mnivumilie.

Nikiwa bado mchanga kazini, alinijia muuza mitumba wa Gikomba, miaka 44. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya malaria, na kipimo hakikuonyesha malaria. Mara ya pili nikampa amitriptilini apate usingizi. Mara ya tatu aliingia na leso shingoni, akaikamua kwenye sinki yangu kabla ya kuketi. Maji yalitiririka. Akasema usiku analowesha shuka mpaka mumewe amehamia kwenye kochi. Nikamjibu ni umri, na homoni ni hatari.

Miaka 44! Kovu lilikuwa pale chini ya kitovu na sikumpandisha hata kitandani nimpime. Alikuwa ametolewa kizazi na ovari zote mbili kwa sababu ya fibroidi, uvimbe wa kizazi. Ukomo wa hedhi ulimwingia kwa siku moja. Mtu kama yeye, asipokuwa na kizuizi cha kiafya, hupewa estrojeni angalau hadi karibu miaka 50, kulinda mifupa na moyo. Wala hakuhitaji projestini, kwa kuwa hana kizazi cha kulindwa. Kundi la WHI la estrojeni peke yake, lililosimamishwa 2004, halikuonyesha saratani ya matiti kuongezeka.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kwenye benchi la plasta, kifundo cha mkono kimevunjika kwa kuteleza tu mlangoni kwake. Alinitambua, akanisalimia kwa heshima. "Daktari, lile joto liliisha. Nilivumilia kama ulivyosema." Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

3. Mwenye kizazi asipewe estrojeni bila projestini. Anayetokwa damu baada ya ukomo achunguzwe kwanza. Aliye chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, ndiye anayefaidika zaidi. Unaogopa damu kuganda? Fikiria estrojeni ya kiraka au jeli ya ngozini. Ukavu ukeni hutulizwa na krimu ya estrojeni ya hapo hapo.

4. Mama zetu hawatataja uke wala kitanda cha ndoa mbele ya kijana wa rika la mwanawe. Watasema "mwili unachoma", "kichwa hakitulii". Funga mlango, uliza taratibu, nyamaza.

Yule mama wa Jumanne nilimtuma mwanagenzi amfuate. Alimpata bado kwenye foleni ya dawa, akamrudisha. Mama akaketi, akaweka kibeti magotini, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe mna muda?"