Maswali na Majibu: Mkaa wa Chujio Ukichoka

Chujio letu la maji lina mkaa amilifu wa chengachenga. Nimeambiwa nikiuchemsha au kuuanika juani unarudi kuwa mpya. Ni kweli?

Si kweli, na tafadhali usiyaamini maji yake kwa sababu hiyo. Nguvu ya mkaa huu imo katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, hufikia takriban mita za mraba 1,000. Uchafu hunata humo ndani. Nyuzi 100 za maji yanayochemka huweza kufukuza baadhi ya vitu vyepesi, lakini vizito, kama viuatilifu vingi, havibanduki. Jua ndiyo kabisa haliwezi.

Kinachowadanganya wengi ni kuosha. Ukipitisha maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, tope hutoka, maji huanza tena kutiririka vizuri, nawe unadhani mkaa umepona. Umesafisha nafasi kati ya chenga tu. Usijaribu kuuchoma jikoni pia: penye hewa ya kutosha, mkaa wenyewe hugeuka majivu. Kwa chujio dogo, nunua mkaa mpya.

Sisi tunatumia tani kadhaa kwa mwaka. Tukiupeleka kwenye tanuri, hufanyiwa nini hasa, na kwa nini unarudi pungufu?

Kwanza hukaushwa, maana hata baada ya kuchuruzika, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Joto likipanda, vitu vyepesi hutoka kama mvuke. Vizito huvunjika na kuacha masizi magumu ndani ya vitundu. Hapo ndipo penye kazi. Kwenye nyuzi 800 hadi 950 za Selsiasi, oksijeni ikiwa imezuiwa isiingie kwa wingi, huingizwa mvuke wa maji. Mvuke huyashambulia masizi na kuyageuza gesi za monoksidi kaboni na hidrojeni. Mkaa ukikaa humo muda mfupi mno, vitundu hubaki vimeziba. Ukizidisha, mvuke huanza kula kuta zenyewe: vitundu vidogo huungana kuwa vikubwa, na chenga hulegea hadi kusagika vidoleni.

Kwa hiyo upotevu wa asilimia 5 hadi 15 ni wa kawaida, nao hufidiwa kwa mkaa mpya. Gesi zinazotoka lazima zichomwe tena na kuoshwa kabla ya kuachiwa hewani. Mwenye tanuri asiye na mtambo huo, mkimbie.

Dai vipimo viwili, kabla na baada: namba ya iodini (kiasi cha iodini ambacho mkaa hunasa) na uzito wa ujazo (uzito wa mkaa unaojaza chombo cha kipimo kimoja). Mkaa mpya mzuri hunasa miligramu 900 hadi 1,100 za iodini kwa gramu. Uzito wa ujazo ukibaki juu ya ule wa mkaa mpya, uchafu bado umo. Ukishuka chini yake, mkaa umeunguzwa kupita kiasi.

Kama maji yenu ni magumu, kagueni kalsiamu iliyojikusanya. Ndani ya tanuri huchochea kuliwa kwa kuta, hivyo mkaa wa namna hiyo huoshwa kwanza kwa asidi ya hidrokloriki.

Na mkaa wa maji ya kunywa uchomwe peke yake. Usikubali kamwe uchanganywe na uliotoka kwenye maji taka ya viwanda. Ukirudi, uloweke saa 24 kabla ya kuuosha kinyumenyume, yaani maji yakitoka chini kwenda juu, la sivyo hewa iliyobaki vitunduni huzifanya chenga zielee na maji huondoka nazo.

Na mkaa wa kusafishia hewa?

Uliobeba viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine) mara nyingi husafishwa ndani ya tangi lake kwa mvuke wa shinikizo dogo, kisha kiyeyusho hupozwa na kukusanywa. Uliotiwa salfa ili unase zebaki usiuchanganye na mwingine: tanuri la kawaida litairusha zebaki hewani. Mtangazieni mapema mwenye tanuri kila kilichopita kwenye mkaa.

Kuhusu kuutoa mkaa tangini: mkaa wenye unyevu hufyonza oksijeni iliyomo tangini, na watu wamekufa kwa kuingia kwenye tangi lililoonekana tupu na salama. Pimeni oksijeni kabla ya kuingia, iwe angalau asilimia 19.5, na muendelee kupima kazi ikiendelea. Pulizieni hewa safi muda wote, na mtu asiyeingia abaki mlangoni ameshika kamba. Barakoa ya kuchuja haisaidii hapa, kwani haitengenezi oksijeni.