Jaribio limenipa herufi tatu, na nikifumba macho naona chumba tu

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Mimi ni ofisa ununuzi, nina miaka 34, na idara hii nimekaa miaka 11. Sina ugomvi na mtu, mshahara unaingia kwa wakati, lakini kila nikifika ofisini najihisi kama niliyevaa viatu vya mwenzangu. Nimejaza jaribio la mapendeleo ya kazi kwenye intaneti, likanipa herufi tatu: S, A na I. Kisha nikafanya lile zoezi la kufumba macho na kujiona miaka mitano ijayo nikiwa kwenye kazi ya ndoto zangu. Nimelirudia mara nne. Kila mara naona chumba chenye madirisha makubwa na mwanga mwingi, watu wananisalimia kwa heshima, basi. Ninachokifanya humo sikioni. Kitu pekee ninachokumbuka kukifurahia mwaka huu ni alasiri moja niliyowaelekeza vijana wawili wapya jinsi zabuni inavyotembea, nikiwachorea kwenye karatasi, mpaka muda wa kutoka ukatupita hatuna habari. Je, zoezi nalikosea wapi? Herufi hizi nizichukulieje? Na je, niache kazi?

JIBU: Dada yangu, zoezi hujalikosea. Zoezi lenyewe ndilo linaloanzia mwisho. Picha ya kazi haichotwi hewani kwa kufumba macho, hujengwa kwa vipande ambavyo tayari umeviishi. Kimoja umekitaja kwenye barua yako kama jambo la kupita tu. Nitakirudia, ila kwanza nimalizane na herufi.

Msingi wa jaribio hilo ni nadharia aliyoichapisha mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, mwaka 1959. Aliyaweka mapendeleo ya watu katika mafungu sita: kushika vifaa na kutengeneza vitu, kuchunguza, kubuni, kusaidia na kuelekeza watu, kushawishi na kuongoza, na kutunza utaratibu wa kumbukumbu na tarakimu. Wewe umeangukia kwenye kusaidia watu (S), kubuni (A) na kuchunguza (I), kwa mpangilio huo. Ununuzi, kwa jinsi unavyofanywa kwenye ofisi nyingi, huegemea mafungu mawili ya mwisho. Kwa hiyo viatu kubana si ajabu.

Lakini usizipe herufi hizo kazi isiyo yao. Jaribio linapima unachosema unakipenda ukiulizwa leo. Halipimi kitakachokuridhisha ukikifanya kila siku kwa miaka. Tafiti zilizolinganisha mapendeleo ya watu na kuridhika kwao kazini zimekuta uhusiano upo, ila ni mdogo kuliko majaribio yenyewe yanavyojinadi. Jaribio linakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Kwenye mtaa wako wanakaa mwalimu wa chekechea, mwandishi wa vitabu vya kiada, mtaalamu wa tiba ya matamshi na mtu anayeandaa mafunzo ya wafanyakazi kiwandani, na siku zao hazifanani hata kidogo.

Sasa chumba chenye mwanga. Wanasaikolojia Daniel Gilbert na Timothy Wilson wametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyobashiri watakavyojisikia kesho. Kosa moja hujirudia: tunashika kitu kimoja kinachong'aa na kusahau mengine yote yatakayoijaza siku. Wewe umeshika madirisha. Mwingine hushika cheo au gari. Na ndoto tamu ina hasara nyingine. Wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha mwaka 2002 utafiti uliohusu wahitimu wa chuo kikuu huko Ujerumani waliokuwa wakitafuta ajira. Walipoulizwa tena baada ya miaka miwili, wale waliokuwa wakijipamba zaidi kwa ndoto za mafanikio walikuwa wamepata nafasi chache zaidi na mishahara midogo zaidi. Matarajio, yaani kuyapima yaliyokwisha kumtokea mtu na kukadiria kwamba atafanikiwa, yalikwenda upande wa pili: yaliendana na mafanikio. Ndiyo maana nikimwona mtu anaanza kufumba macho mbele yangu, namwomba afumbue atafute kalamu.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Majina ya kazi za kale yamezaliwa na vitenzi, na kitenzi bado kinaonekana ndani yake: mfinyanzi hufinyanga, mvuvi huvua, mkulima hulima, muuguzi huuguza. Ukisikia jina, umejua mtu huyo anashinda akifanya nini. Haya, chukua ofisa. Ofisa hufanya nini? Hakuna anayeofisi. Meneja naye hivyohivyo. Watu wengi wanaoniambia hawajui wanataka kazi gani wamekuwa wakitafuta jina, na majina ya siku hizi yamefunga mlango, huoni kilicho ndani. Tafuta vitenzi. Jina litakuja nyuma, na wakati mwingine lisipokuja si hasara.

Vitenzi utavipata hivi. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya njia waliyoitumia kwa wanawake 909 wenye ajira jimboni Texas. Kila mmoja aliigawa siku yake ya jana katika vipande, kama vipande vya filamu, akaeleza kwa kila kipande alikuwa akifanya nini, na nani, na alijisikiaje. Wewe fanya hivyo kwa siku kumi za kazi. Andika asubuhi inayofuata, dakika kumi na tano zinatosha, kisha kila kipande ukipe alama ya ulivyokifurahia, kuanzia 0 hadi 6. Usisubiri Ijumaa uandike wiki nzima. Kumbukumbu ya wiki hubeba kilele na kelele, vingine humwagika njiani. Na usiandike "kikao". Andika "nilibishana na mzabuni juu ya tarehe ya kuleta mzigo", au "nilisikiliza watu tisa wakisoma ripoti ambazo nilikwisha kuzisoma". Kwenye kalenda hivyo vyote ni vikao.

Siku kumi zikiisha, ongeza matukio sita au saba ya miaka iliyopita, mazuri na mabaya, hata ya nje ya ajira. Harusi uliyoiratibu ni kazi, na daftari la mahesabu ya kikundi ulilolinyoosha ni kazi vilevile. Kila tukio liandike kwenye kipande chake cha karatasi.

Hapa sasa ndipo tunairudia alasiri yako na wale vijana, na hapa ndipo wengi huteleza. Mtu akigundua kwamba alifurahia kuelekeza, anaruka moja kwa moja: basi mimi ni mwalimu, niende nikasomee ualimu. Subiri kidogo. Alasiri ile ilikuwa na mambo mengi yaliyofungwa fundo moja. Ulikuwa unachora. Ulikuwa umechukua mchakato uliojaa fomu na kuufanya usomeke kwenye karatasi moja. Vijana walikuwa wawili, si arobaini, na walitaka kujua, hawakulazimishwa. Hakuna aliyekuwa anakukagua. Wewe ndiye uliyeamua muanzie wapi. Kuna uwezekano pia kwamba raha yote ilikuwa kumwona mtu aliyekunja uso akiukunjua. Lipi kati ya hayo lilikufanya usahau saa? Huwezi kujua kwa kulitazama tukio lenyewe peke yake. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: hujui imefanya nini mpaka uonje mchuzi usio nayo.

Kuna njia ya kulifungua fundo hilo. Ilibuniwa na mwanasaikolojia George Kelly, aliyeieleza kwenye maandishi yake ya mwaka 1955, na washauri wa ajira tunaitumia hadi leo kwa sababu haihitaji kompyuta wala ada. Changanya karatasi zako, chomoa tatu bila kuchagua, ujiulize swali moja tu: zipi mbili zinafanana, na ya tatu inatofautiana nazo vipi? Tuseme umechomoa "kuwachorea vijana", "kulinganisha bei za wazabuni saba" na "kikao cha bodi". Huenda ukasema mbili za kwanza zinafanana kwa sababu ulikuwa unachukua vurugu na kuipanga, na kwenye ya tatu ulikuwa umekaa tu. Andika: kupanga vurugu, dhidi ya kukaa tu. Rudisha, changanya, chomoa tatu nyingine. Sasa umepata "kuwachorea vijana", "kumtuliza mteja aliyefoka" na "ripoti ya mwezi". Hapa huenda mbili za kwanza zikafanana kwa sababu mtu alikuwa mbele yako na alibadilika ukimwona.

Endelea hivyo mara kumi na mbili au kumi na tano. Mwanzoni majibu yatakuwa ya kila aina, baadaye yataanza kujirudia. Yanayojirudia upande wa karatasi zenye alama za juu ndiyo unayoyatafuta. "Kupanga vurugu" ikijitokeza mara saba na "mtu kubadilika mbele yangu" mara moja, ualimu utakukatisha tamaa. Chako kitakuwa kuandika miongozo, kusanifu taratibu, au kutengeneza michoro inayofafanua mambo magumu. Ikiwa ni kinyume chake, unaweza kukaa peke yako na michoro mizuri kabisa ukachoka kabla ya mwaka kwisha.

Kuna kitu kimoja ambacho karatasi zitakichanganya, nacho ni kazi yenyewe na mazingira yake. Kwa hiyo fungua safu mbili. Bosi, mshahara, umbali wa kwenda ofisini, kelele na saa za kutoka vikae kwenye safu ya mazingira. Kwa safu ya kazi yenyewe, vipimo vitano vya watafiti wa kazi Richard Hackman na Greg Oldham vya mwaka 1976 bado vinafaa: je, inatumia ujuzi wako wa aina mbalimbali? Unaliona jambo toka mwanzo hadi mwisho? Lina uzito kwa watu wengine? Una hiari ya kuamua namna ya kulifanya? Na kazi yenyewe inakuambia kama umeipatia? Kwa uzoefu wangu, ununuzi huyumba kwenye cha pili na cha tano. Unanunua, mzigo unaondoka, huoni ulivyotumika, na simu unaipata siku kitu kimeharibika tu. Wale vijana, kwa upande mwingine, ulianza nao wakiwa gizani ukamaliza nao wameelewa, na jibu ulilipata hapohapo kwenye nyuso zao. Sisemi ndiyo sababu. Nasema lipime.

Baada ya hapo ndipo uchore picha, macho yakiwa wazi. Chora Jumanne ya kawaida. Usichore siku ya kwanza kazini wala siku ya kupewa tuzo. Anza saa mbili asubuhi, nenda saa kwa saa, na kila saa iwe na kitenzi: nafanya nini, kwa kitu gani, na nani, kwa ajili ya nani. Weka na maganda pia, kwa kuwa hakuna kazi isiyo na maganda. Mwalimu husahihisha, mwandishi husubiri malipo, daktari hujaza fomu. Picha isiyo na saa mbili za kuchosha ndani yake bado ni ndoto. Pembeni andika kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wako kinachokuzuia kuifikia siku hiyo, kimoja tu, na utakachofanya kikijitokeza. Kuiweka picha sambamba na kizuizi chake ni njia nyingine aliyoichunguza Oettingen, na ndiyo inayoifanya picha isiishie kuwa burudani.

Kisha mtafute anayeiishi Jumanne hiyo. Mwaka 2009 Gilbert na wenzake walichapisha jaribio la watu waliokutana kwa dakika tano tu kutafuta wapenzi. Wanawake walibashiri vizuri zaidi kiasi watakachomfurahia mwanamume walipoambiwa mwanamke mwingine alimfurahia kiasi gani, kuliko walipopewa picha yake na maelezo yake. La kuchekesha ni kwamba wengi bado waliamini picha na maelezo ndiyo yangewafaa zaidi. Kwa hiyo usimuulize mtu kama anaipenda kazi yake, maana atakujibu kwa adabu. Muulize: jana, kuanzia ulipofika, ulifanya nini? Halafu nyamaza. Waulize watatu, na mmoja wao awe ameiacha kazi hiyo.

Kuhusu kuacha, jibu langu ni hapana kwa sasa, na sisemi hivyo kwa kuwa ajira ni ngumu. Nasema hivyo kwa kuwa kazi uliyo nayo ndiyo maabara yako ya bei nafuu. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 juu ya namna watu wanavyoichonga kazi yao wakiwa ndani yake. Mfano wao mmoja ni wasafishaji wa hospitali: wote walikuwa na majukumu yaleyale kwenye karatasi, lakini baadhi walijihesabu kuwa sehemu ya uponyaji, wakaongea na wagonjwa na kuyapanga majukumu yao kwa kuwatazama wauguzi wanahitaji nini. Omba upewe jukumu rasmi la kuwapokea wapya, au uandike mwongozo wa zabuni kwa michoro. Miezi mitatu ya hapo itakuambia zaidi ya majaribio kumi ya intaneti. Ila mwajiri asije akautumia uchongaji huo kukuongezea mzigo kwa mshahara uleule. Kubaliana mapema ni kipi kitapungua upande wa pili.

Na kile chumba chenye mwanga usikifute. Kiandike kwenye safu ya mazingira. Kama meza yako ya sasa iko pembeni mwa stoo pasipo na dirisha, hilo ni ombi la kuhamishwa meza, na unaweza kulipeleka wiki hii.